Kuiposa Viza

Umewahi kumwona mtu akienda kuomba viza kama aendaye kuposa? Kama hujaona, basi hukuwapo asubuhi ile ya mwezi wa saba, mwaka wa tisini na tisa, Boga wa Munje aliposimama mbele ya lango la ubalozi jijini Nairobi. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, imepigwa pasi mpaka mikono imesimama. Juu ya kanzu alitia koti zito la kuazima, maana alikuwa ameonywa juu ya baridi ya huko. Kofia ilikuwa ile ya kushonwa kwa mkono, ambayo haikutoka sandukuni ila kwa harusi na mazishi. Na mkononi alishika kikapu cha ukindu chenye madafu aliyoyachagua moja moja kwa kuyagonga kwa kidole, na korosho za kukaanga zilizofungwa ndani ya kitambaa safi.

Viza yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Twaiba, mtoto wa dada yake Kadzo, naye Twaiba alikuwa amesimama ubavuni pake na buibui lake, bahasha ya kaki ameikumbatia kama mtoto mchanga.

"Mjomba, kikapu ungekiacha kule tulikofikia," alisema kwa sauti ya chini.

"Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Unakwenda kwa watu kuomba jambo kubwa, na mikono inaning'inia kama ya mtu aliyefukuzwa? Watasema tumetoka wapi?"

Twaiba alikuwa mpishi wa mikate katika hoteli moja kubwa ya Diani. Aliingia pale kuosha masufuria, akawa akimaliza yake anasimama kando ya meza ya unga kutazama. Siku moja mwoka mikate aliugua, mkate ukawa hauna wa kuukanda, Twaiba akanawa mikono akaukanda. Tangu siku hiyo hakurudi kwenye masufuria. Boga aliwahi kuiona kazi yake mara moja, alipopelekwa kwa mlango wa nyuma wa jikoni. Aliona mkate uliosukwa kama ukili wa kushonea mkeka, miyaa mitano, ukingo umekunjwa vilevile Kadzo akunjavyo ukingo wa mkeka. Ulikuwa unang'aa kwa yai, unafuka moshi. Boga alisahau hata kuula. Alisimama nao mkononi, mtu mzima aliyekwea minazi maisha yake yote, akajiuliza mikono ya mtoto aliyekuwa akimfuta makamasi imejuaje mambo haya.

Sasa wakubwa wa hoteli walikuwa wamemchagua katika mpango wa kubadilishana wataalamu. Aende Marekani mwaka mzima, akajifunze kwa waokaji wakubwa, kisha arudi awafundishe wengine. Na bahati hiyo ilikuja wakati mbaya, au wakati mzuri, itategemea unaitazama kutoka wapi. Wageni walikuwa wamepungua tangu zile vurugu za mwaka wa tisini na saba. Vyumba vilifungwa, watu walirudishwa makwao makundi kwa makundi. Akienda Twaiba, atarudi na ujuzi ambao hakuna wa kumnyang'anya. Asipoenda, huenda hata hayo masufuria yakamkosa.

Kijiji kizima cha Munje kililisikia jambo hilo. Fondo, jirani yao mwenye mdomo usiopumzika, alikuja barazani kwa Boga makusudi.

"Eti viza ya kubadilishana?"

"Ndivyo wasemavyo."

"Basi kama ni kubadilishana, nao watuletee Mzungu wao mmoja akae hapa, tumfundishe kukwea. Akifika katikati ya mnazi tumwulize kama bado anautaka utaalamu."

Watu walicheka. Boga naye alicheka, lakini ndiye aliyetangulia kuacha.

Aliyempa Twaiba nasaha alikuwa Bwana Absalom, afisa wa wafanyakazi pale hotelini, mtu wa bara, mwungwana kwa tabia ingawa Kiswahili chake kilikwenda mbio. "Twaiba, sikiza," alimwambia. "Hao watu wana swali moja tu kubwa. Utarudi ama hutarudi? Yale mengine ni chumvi. Kwa hivyo beba kitu cha kuonyesha utarudi. Title ya shamba, cheti cha ndoa, kitu kama hicho. Usiende mikono mitupu."

Twaiba alirudi Munje na maneno hayo, akayaweka mbele ya mamake. Mume hakuwa naye bado. Shamba walilokuwa wakilima tangu enzi za mababu halikuwa na hati, na nani Munje alikuwa na hati? Babake, Nassir, alikuwa mtu wa mashua tu. Kadzo alifikiri sana, akanyoosha mguu wake unaouma, akasema kwa yakini ya mtu aliyekwisha kuoza mabinti na kupokea posa:

"Kitu cha kuonyesha utarudi? Mjomba wako. Mwanamke hata akienda kuolewa, wakweze huuliza, mjomba wake yuko wapi? Wakimwona mjomba wanajua mtoto huyu ana kwao. Nenda na Boga."

Na huko bara wangecheka wakisikia, mtu kaambiwa alete ushahidi akaleta mjomba. Lakini Twaiba hakucheka wala mamake hakucheka. Kwao ndivyo ushahidi ulivyokuwa.

Boga alikubali kwenda. Jambo moja tu alilikataa. Usiku wa kuagana Kadzo alimwambia mbele ya ndugu, "Kaka, kabla hamjaondoka, mwambie mtoto kwamba unataka arudi. Mwambie kwa kinywa chako."

"Hilo siwezi, Kadzo."

Kila aliyekaa pale alijua kwa nini. Mjomba halitumii neno "nataka" kwa mtoto wa dada yake kama mtu aombavyo chumvi. Akilisema, limefunga. Mtoto akishindwa kulitimiza, hata kwa sababu isiyo yake, radhi za mjomba zitamwandama kama laana, hata kama mjomba mwenyewe amekwisha kusamehe. Walikuwa na mfano wao. Mjomba wao marehemu alimwambia mpwa wake baharia, "Nataka uwe hapa mwezi wa mfungo." Meli ikaharibika huko Ghuba, kijana akaja mwezi umekwisha. Tangu hapo hakuna alilolishika likashikika. Kila mke alimwacha, kila biashara ilivunjika, mpaka watu wakawa wanamtaja kwa kutikisa kichwa. Boga alimwona kwa macho yake, aliona mtu akiliwa na neno. Kwa hiyo alimwambia Twaiba yale yasiyofunga. "Mungu akutangulie." "Wewe ndiye ujuaye." "Safari njema, mwanangu." Twaiba aliitikia "Ahsante, Mjomba," akainamisha macho, na Boga hakujua ndani ya macho yale mna nini.

Sasa wapo langoni. Mlinzi wa lango, kijana mrefu aliyeandikwa Owen kifuani, alimpitisha Twaiba, kisha akakitazama kikapu.

"Mzee, hiyo ni nini umebeba?"

"Madafu, mwanangu."

Owen alirudi nyuma nusu hatua. Tangu ule mlipuko wa bomu ubalozini mwaka uliotangulia, watu wa kazi yake hawakukipenda kitu chochote cha mviringo kilichofungwa pande zote. Alilipitishia dafu la juu kile chombo chake cha kunusa chuma. Chombo kikanyamaza.

"Ndani iko nini?"

"Maji."

"Umejuaje ni maji, na haijafunguliwa?"

Boga alimtazama kwa huruma. "Kwani kwenu dafu huwa lina nini?"

Watu kwenye foleni wakaanza kuguna kwa kicheko. Owen akakaza uso. "Basi ifungue tuone."

"Sawa. Nipe panga."

"Panga!" Walinzi wengine wawili wakageuka. Twaiba akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Boga, mikono yake yote miwili ikiwa wazi kifuani, alieleza kwa utaratibu kwamba dafu halifunguliwi kwa kucha, kwamba hakuja na panga kwa sababu haendi posani mtu na panga, na kwamba yaliyomo ni zawadi ya mwenye nyumba, kama yupo, na kama hayupo basi ya watoto wake.

"Posa?" Owen aliuliza. "Mzee, unajua hapa ni wapi?"

"Najua. Ni kwa watu. Na mimi naomba kwa niaba ya mtoto wa dada yangu."

Huenda ni lile neno, huenda ni ile kanzu. Owen alikwenda kunong'ona na mkubwa wake, akarudi. "Zawadi hapana, mzee. Hapa mtu akileta kitu inaitwa hongo. Acha kikapu kwa yule mama wa picha za pasipoti ng'ambo ya barabara. Wewe utaingia, lakini utakaa tu. Usiongee kama hujaulizwa."

Boga hakuwa ameingia mahali penye kimya kama kile ila msikitini. Sakafu ilimwonyesha uso wake. Watu walikaa safu kwa safu, bahasha mapajani, hakuna aliyekohoa bila kuomba radhi kwa macho. Mbele palikuwa na madirisha ya kioo kinene kama kiganja kikisimamishwa kwa ubavu, na nyuma ya kila kioo mtu, na sauti ya mtu yule haikutoka kinywani bali kwenye tundu dogo pembeni, kana kwamba mdomo na maneno vimetenganishwa kwa amri. Boga alitazama mtu mmoja baada ya mwingine akiitwa. Aliona jinsi wanavyorudi. Wengine walirudi wepesi. Wengi walirudi na bahasha zao zilezile, lakini sasa wakizibeba kama mzigo wa kuni mbichi. Mwanamume mmoja mwenye suti alisimama katikati ya ukumbi akasahau mlango uko wapi. Subhanallah, Boga alisema moyoni. Mtu nyuma ya kioo, hana fimbo, hana bunduki, anatikisa kichwa mara moja na safari ya mtu inakufa.

"Twaiba!" sauti iliita kutoka kwenye tundu.

Aliyekuwa nyuma ya kioo ni mama wa Kizungu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, miwani imening'inia kwa uzi. Twaiba alisimama mbele yake, akafungua kinywa, na Boga akashika ukingo wa kiti. Alijua mpwa wake anasema Kiingereza, lakini kujua ni kimoja na kusikia ni kingine. Maneno yalikuwa yakimtoka kama mtama unaopepetwa kwenye ungo, yakiruka na kutua bila hata moja kumwagika. Sauti ile ile iliyokuwa ikililia mabuyu! Boga hakufahamu hata neno, na pengine ndiyo maana alistaajabu zaidi. Mtu akisikia mvua hahitaji kufahamu.

Kisha mtama ukakoma. Mama yule aliuliza jambo, Twaiba akajibu kwa kifupi. Akauliza tena, akionyesha karatasi ya hoteli, akatikisa kichwa kidogo. Boga aliuona mgongo wa Twaiba ukishuka. Halafu mpwa wake akageuka, akamnyooshea mkono yeye, Boga, mbele ya ukumbi mzima.

Binti mmoja wa Kikenya alitoka mlango wa pembeni, jina lake Rael limeandikwa kifuani. "Mzee, njoo. Balozi mdogo anataka kukuuliza. Mimi nitatafsiri."

Boga akaenda. Miguu iliyozoea kushika gome la mnazi ilisita juu ya sakafu ile ing'aayo kama kioo. Alipofika, aliweka mkono kifuani. "Salaam aleikum, mama. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo? Watoto je, na wazee uliowaacha huko kwenu?"

Rael akatabasamu. "Mzee, watu ni wengi nyuma yako."

Lakini yule mama alikuwa ameinua mkono kumzuia Rael. "Hawajambo," alisema mwenyewe, kwa Kiswahili, polepole. "Mama yangu mgonjwa kidogo."

"Mungu amponye."

"Asante."

Kisha akarudi kwenye Kiingereza, na Rael akatafsiri. "Anasema hoteli ya huyu dada imefunga nusu ya vyumba. Kazi ikiisha, nini kitamrudisha? Yeye amejibu, mjomba wangu. Kwa hivyo anakuuliza wewe. Je, mzee, unataka arudi?"

Hapo ndipo ulimwengu uliposimama kwa Boga.

Kati ya maneno yote yaliyo katika Kiswahili, wamemchagulia hilo. Twaiba alikuwa amesimama kando yake, karibu hata akasikia pumzi zake. Akisema ndiyo, amelisema mbele ya mtoto, limefunga, na safari inapatikana. Asiposema, ataonekana mjomba asiyemtaka mpwa wake, na ile bahasha itarudi Munje nzito kama kuni mbichi. Alikumbuka uso wa yule baharia.

"Sema ndiyo, mzee," Rael alinong'ona. "Ni ndiyo tu."

Boga alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Mwambie mama," alisema, "neno hilo siwezi kulisema mbele ya mtoto huyu. Kwetu mjomba akisema nataka, amefunga. Naye anakwenda mbali, mahali pa theluji, na mimi sijui huko kuna nini. Anaweza kuugua. Anaweza kuzuiwa. Anaweza kupata mume. Akichelewa kwa lolote katika hayo, neno langu litamtafuna, na mimi sitaweza kulirudisha. Simfungi mtoto wa dada yangu kwa ajili ya karatasi, hata iwe karatasi ya namna gani. Nisameheni. Kama ni kosa, kosa ni langu, si lake."

Rael alitafsiri. Alipokuwa akieleza, yule mama alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena, akimtazama Boga kupitia kioo kile kinene kama mtu anayetazama chini kisimani na kuona maji yako mbali kuliko alivyodhani.

"Anauliza," Rael alisema hatimaye, "na usiposema, atarudi?"

"Hilo muulizeni mwenye miguu."

Wakamuuliza. Twaiba akajibu kwa Kiingereza, na safari hii hakujibu kama mtama. Alijibu taratibu, na vidole vyake vikawa vinasuka hewani, huu juu, huu chini. Alisema maneno mengi, yule mama akadakiza swali, naye akaendelea. Rael hakumtafsiria Boga, kwa kuwa hakuna aliyemtuma, lakini Boga aliona macho ya Rael yakilengwalenga, akaogopa kuuliza. Yule mama akaandika. Akapiga muhuri. Akaichukua pasipoti, hakuirudisha.

"Mje saa tisa," Rael alisema. Boga alipokuwa akivaa kofia, binti yule alisogea. "Mzee, mimi nasimama hapa kila siku. Kila mtu anasema ndiyo kabla swali halijaisha. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona mtu ameogopa neno."

Saa tisa waliipokea pasipoti kwenye tundu la pembeni, wakatoka nayo bila kuifungua, kana kwamba ingeruka. Kikapu walikikuta kwa yule mama wa picha, na Owen wa langoni alikuwa amevuka barabara, anamaliza dafu lililotobolewa kwa kisu cha kukatia picha. "Mzee," alisema akijifuta kidevu, "ni maji kweli."

Walikwenda kukaa kwenye benchi la bustani, mahali jua lilipokuwa limejitokeza kidogo. Hapo Twaiba akaifungua. Boga alikuwa ametarajia muhuri wa kawaida, wa wino. Alichokiona ni kitu kilichobandikwa ukurasa mzima, chenye mistari myembamba kuliko nywele na michoro inayobadilika rangi ukikigeuza, samawati ikawa kijani, kijani ikawa kama shaba. Na katikati ya ustadi wote huo, jina la Twaiba, na jina la Munje kama mahali alipozaliwa. Boga alikigeuza juani, akakigeuza tena. Yule mtu aliyechora mistari ile hakuwahi kuisikia Munje. Na bado ameiandika.

"Allahu akbar," alisema. "Hii imesukwa."

Twaiba alicheka, na kicheko kikageuka kikawa machozi, akayafuta kwa mtandio.

"Ulimwambia nini yule mama?" Boga aliuliza. "Ulisema maneno mengi."

Twaiba aliwarushia korosho njiwa waliosogea miguuni pao. "Nilimwambia nataka kujenga tanuri kwetu, Mjomba, si la hoteli, la kwetu. Kisha akaniuliza kama nilijua kwamba hutasema. Nikamwambia sikujua. Nikamwambia miezi hii yote nimekungoja uniambie nirudi, kila mtu aliniambia ila wewe. Umeniambia safari njema kama mtu anayefunga mlango. Nikadhani nimekuwa mzigo, nikienda umepumzika. Nikamwambia leo, hapa dirishani, ndipo nimejua ulikuwa ukinilinda."

Boga aliifunga pasipoti taratibu, akaishikilia kifuani.

"Sasa nakuomba kitu," Twaiba alisema, akamgeukia. "Nifunge."

"Usicheze na mambo hayo, mtoto wewe!"

"Sichezi. Sasa hakuna karatasi inayokulazimisha. Viza nimekwisha kuipata. Huko niendako kila mtu atanionyesha mlango wa kubaki. Nami nataka niwe na neno la kwetu linanivuta, hata liniumize. Mimi ni mtu mzima, Mjomba. Nimelitaka mwenyewe."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, nilikubali nikiwa na akili zangu."

Magari yalipita, watu wakapita na miamvuli na mikoba, wala hakuna aliyejua kuwa kwenye benchi lile mzee mmoja alikuwa akipima neno moja. Boga aliirudisha pasipoti mapajani mwa mpwa wake. Akasimama, akanyoosha kanzu yake. Akaweka kiganja chake, kigumu kama gome, juu ya kichwa cha mtoto wa dada yake, akasema kwa sauti ya kusikiwa na mmoja tu:

"Nataka urudi, Twaiba."